Kipupwe Si Likizo: Shika Mshipi, Achana na Juya

Kuanzia Novemba mpaka Machi, ukifungua simu ukiwa Malindi utadhani mji mzima ni wavuvi. Kaskazi inavuma kwa adabu, maji yanang'aa, boti zinarudi na bendera juu, na kila kijana ana picha ameshika samaki mrefu kuliko mguu wake. Halafu kusi inashika, na kimya kinaingia. Juni, Julai, Agosti, zile kurasa za uvuvi zinageuka kuwa kurasa za mpira na mapenzi. Uliza kwa nini, jibu ni moja: "Bahari mbovu bana, hakuna samaki."

Mimi naona nusu ya jibu hilo ni kweli na nusu ni uvivu. Bahari mbovu, sawa. Samaki wapo. Na vile tunavyovua miezi hii ya kipupwe ndivyo vitakavyoamua kama kaskazi za mbele tutakuwa na samaki wa kupiga picha au tutabaki na kapsheni tu.

Nianze mbali kidogo. Najua wengi wenu mnatazama zile video za Finland na Sweden. Novemba, jamaa amevaa koti juu ya koti, akiongea mdomo unatoa moshi, vidole vimekufa ganzi, na bado anarusha chambo bandia ziwani. Anamtafuta samaki anayeitwa pike. Ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, mrefu, mdomo umechongoka kama wa mamba, meno ya kukata. Hana haraka. Anajibanza kando ya majani ya majini, anasubiri samaki mdogo apite, kisha anafyatuka mara moja tu.

Wale watu wanaupenda sana huo msimu wa kabla ziwa halijaganda. Pike anakula kwa bidii kabla baridi kali haijafika, na ndipo wengi huwatafuta wale wakubwa. Maji yakizidi kupoa, samaki anapunguza mwendo, basi na wao wanapunguza mwendo wa chambo. Umeona? Hali ya hewa ikibadilika, hawafungi virago. Wanabadilisha mbinu.

Sasa njoo huku kwetu. Huyo pike ana mfanano wake hapa pwani: mzia, ambaye wengine mnamwita tengesi. Si wa ukoo mmoja, lakini mtazame vizuri. Mwili mrefu kama mkuki, taya la chini limetangulia, meno ambayo usiombe yakutane na kidole chako, na tabia ile ile ya kukaa kimya halafu kupiga kama umeme. Waitaliano, ambao Malindi ni majirani zetu wa siku nyingi, wana samaki wa jamii ya mzia kule kwao na humwita luccio di mare, yaani luccio wa baharini. Na luccio ndiye pike mwenyewe. Kwa hivyo wewe unayeota kwenda Ulaya kuvua pike, mwenzake yuko hapa Kilifi, na hauhitaji viza.

Tofauti kubwa iko kwenye maji. Ziwa la Finland linaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Bahari yetu mwezi wa tatu au wa nne inafika karibu nyuzi 29, na mwezi wa nane inashuka mpaka kama nyuzi 25. Wewe asubuhi unavaa sweta ukitoka nje, lakini mzia hajui kama kuna kipupwe. Bado anataka kula. Anayezuiwa na kusi ni mtu, si samaki.

Na hapo lazima niseme wazi, maana kuna watu watasoma nusu ya hii kisha waingie baharini kwa fujo. Kusi huvuma toka kama Aprili mpaka Oktoba, na katikati yake huwa kali. Mkondo unaokwenda kaskazini unaongeza kasi, mawimbi yanapanda, na mlango wa mwamba uliokuwa unapita ukicheka mwezi wa pili unageuka kuwa kitu kingine kabisa. Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na hizo tahadhari si mapambo. Boti nyingi za uvuvi wa michezo za Malindi na Watamu hupumzishwa miezi hiyo, na hizo ni boti zenye injini mbili, redio na nahodha aliyezaliwa akinusa chumvi. Kama yeye amepandisha boti juu, wewe na mtumbwi wa kuazima mnaenda nje ya mwamba kutafuta nini? Watazamaji? Bahari haina haja na watazamaji wako.

Wazee wa vyombo walilijua hili kabla ya mtu yeyote kushika simu. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Vasco da Gama alipoondoka Malindi Aprili 1498 kuelekea India, akiwa na rubani aliyempata hapa hapa, alikuwa anadandia mwanzo wa huo huo upepo. Mwanzo wa kusi na mwisho wake ilikuwa barabara. Katikati, vyombo vilitulia bandarini. Hakuna aliyeitwa mwoga kwa kutulia. Kujua siku ya kutotoka ni sehemu ya kujua bahari.

Basi kama nje hakuendeki, tunavua wapi? Ndani. Na hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Kusi ikikaza, karibu kila mtu anasogea ndani pamoja. Mwenye mtumbwi anabaki nyuma ya mwamba. Asiye na mtumbwi anakwenda kriki: Kilifi chini ya daraja na kule ndani inakopanuka, Takaungu, Mida. Likizo ya Agosti nayo inafika, watoto wa shule wanajaa ufukweni. Yaani ile nguvu yote ya uvuvi iliyokuwa imetawanyika bahari nzima inakuja kubanana kwenye sehemu ndogo. Na sehemu hiyo ndogo ndiyo chumba cha kulelea watoto.

Si utani. Katikati ya mizizi ya mikoko ndimo wanamokulia samaki wengi tunaowajua wakiwa wakubwa. Mzia yule anayefika zaidi ya mita moja, anayewafanya watu wapige kelele kwenye boti, utotoni hujificha kwenye mikoko na majani ya bahari akiwa saizi ya kalamu. Changu wengi na kolekole vilevile. Ukimtoa pale akiwa kalamu, usimtafute kaskazi akiwa mkuki.

Kwa hivyo swali la kipupwe si kama utavua au hutavua. Swali ni unavua kwa nini.

Juya limepigwa marufuku Kenya tangu 2001, pamoja na nyavu za plastiki za uzi mmoja na bunduki za kuchomea samaki. Hata hivyo, juya bado linavutwa. Kuna na vyandarua vya mbu vilivyogeuzwa nyavu, na tundu lake unalijua: kama mbu hapiti, mtoto wa samaki atapitia wapi? Juya linakokotwa chini, linang'oa majani, linabeba kila kitu, halafu mnakaa mchangani mnachagua. Kilo moja ya vitu visivyofika hata kiganja. Hao wangekuwa kilo ngapi mwakani?

Sitaki kuwatukana wanaovuta juya. Wengi ni vijana kama sisi, hawana chombo, hawana injini, na kazi nyingine hakuna. Kuvuta kamba hakuhitaji mtaji, kunahitaji mikono. Ukimwambia mtu aache juya bila kumwonyesha atakula nini jioni, unapiga domo. Vita yangu leo ni na sisi wengine: sisi wa mjini, wenye simu na bando, tunaokwenda kriki Jumamosi kwa raha. Sisi hatuna kisingizio. Hatulali njaa tukirudisha samaki watatu wadogo majini. Halafu ndio sisi tunaopiga picha tumeshika ndoo ya watoto wa changu na kuandika "baraka". Baraka gani? Hiyo ni kula mbegu.

Mshipi ndio jibu langu, na nina sababu.

Kwanza, bei. Uzi, ndoana tatu, chubwi na kipande cha waya havizidi sana pesa unayochoma kwa bando la wiki. Hauhitaji fimbo ya kuagiza. Wazee wengi wa pwani hii wamelea watoto kwa uzi uliozungushwa kwenye kipande cha mti.

Pili, mshipi unachagua. Ndoana kubwa haimshiki mtoto. Ukiamua unataka mzia au kolekole wa maana, unaweka ndoana ya maana na chambo cha maana, na wale wadogo wanabaki kuonja tu. Na ukimpata asiyefaa, bado yuko hai, unaweza kumrudisha. Juya halina mjadala kama huo.

Tatu, mshipi unakufundisha. Wavu unaweza kuuvuta bila kujua lolote. Mshipi ukiutupa bila kujua kitu, unarudi na mwani. Ndiyo maana nasema kipupwe ni shule. Kaskazi hata mjinga anabahatisha. Kusi lazima ufikiri.

Fikiri hivi. Maji kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, wakati mwezi ni mpevu au umeandama. Maji yote hayo yanaingia na kutoka kwenye mdomo mwembamba wa kriki, na yakitoka yanawabeba samaki wadogo waliokuwa wamejificha kwenye mikoko. Mzia anajua. Anakaa pembeni ya mkondo, mahali maji ya haraka yanapokutana na maji yaliyotulia, na hana haja ya kukimbiza mtu. Wewe tupa hapo pembeni, si katikati. Siku za bamvua kali mkondo utakubeba chubwi mpaka uchoke. Siku za maji mafu chambo kinakaa, na kwa anayejifunza hizo ndizo siku nzuri za kuanzia. Alfajiri na magharibi ni bora kuliko saa saba ya mchana.

Chambo, kipande cha ngisi au mkizi mdogo. Juu ya ndoana weka waya, shibiri moja hivi, la sivyo mzia atakata uzi na kuondoka na ndoana yako mdomoni, na hilo si haki kwake wala kwako. Ukimtoa, tumia koleo, usimtie kidole mdomoni eti uonekane shujaa. Kama utamrudisha, mkono uwe umelowa, mtoe ndoana haraka, picha moja, majini. Picha kumi na tano ni mazishi. Na ukiona maji yamekuwa ya kahawia baada ya mvua, hama. Mzia anawinda kwa macho, na kwenye tope haoni.

Kitu kingine, jua uko wapi. Mbuga za Bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa 1968, hazivuliwi kabisa, hata kwa ndoana moja, hata kama umebeba uzi wa babu yako. Nje ya mbuga kuna maeneo ya akiba ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa kwa masharti, na kriki ya Mida ina masharti yake. Hujui mpaka uko wapi? Kila bandari ya samaki ina BMU. Nenda, toa shikamoo, uliza. Nakwambia, hakuna mzee atakayekufukuza kwa kuuliza. Atakayekufukuza ni yule uliyemkuta mahali pake ukajifanya mwenyeji.

Na ukiwa hapo, kaa usikilize. Mimi nilimsikia mzee mmoja pale Kilifi akimwambia kijana aliyekuwa analalamika upepo: "Mjukuu wangu, upepo haukukataza kula. Umekukataza kwenda mbali tu." Kijana akacheka. Mzee hakucheka. Alivuta uzi wake, akatoa kolekole wa saizi ya sinia, akaendelea kukaa. Darasa limekwisha.

Sasa najua mtasema nini. Mtasema hii ya kurudisha samaki ni mambo ya wazungu, sisi samaki kwetu ni mboga. Nimelisikia sana hilo. Lakini hebu tuangalie vizuri. Pale Watamu kuna African Billfish Foundation, wanafanya kazi ya kuweka alama kwenye sulisuli na jamaa zake na kuwaachia tangu 1990. Mteja kwenye boti anaweza kuwa Mwingereza au Mwitaliano, ndiyo. Lakini yule anayeinama ukingoni, anayemshika sulisuli kwa pua, anayemchoma alama na kumwachia bila kumuumiza, mara nyingi ni mtoto wa Malindi, wa Watamu, wa Mayungu. Ujuzi ni wetu. Ni vile tu tumeukodisha kwa wageni kisha tunasema si wetu. Na wao wenyewe wanajua kwamba samaki mmoja aliye hai baharini analeta mteja mwingine kesho.

Wala sisemi urudishe kila kitu. Mimi napenda mzia wa kupaka kama mtu yeyote mwenye akili. Ukipata mmoja mkubwa wa kutosha nyumba yenu, mshukuru Mungu, mpeleke kwa mama, kuleni. Ninachosema ni: chukua wa kula, rudisha wa kukua. Ukishapata wa kutosha, kunja uzi. Mfano wa ndoo iliyojaa tuuache, kwa sababu hakuna jokofu la mtu yeyote linalohitaji watoto arobaini wa changu.

Mtasema tena: mimi nikiacha, wengine wataendelea, itasaidia nini? Swali zuri. Peke yako haitasaidia sana. Lakini angalia nguvu tuliyonayo sisi wenye kurasa. Kijana wa miaka kumi na tano Kilifi leo hajifunzi uvuvi kwa babu peke yake, anajifunza kwenye simu. Anachokiona kikipata laiki ndicho atakachokwenda kufanya Agosti. Tukimwonyesha ndoo ya vifaranga, atajaza ndoo. Tukimwonyesha mtu anapanda wimbi nje ya mwamba bila jaketi la kuokolea, atapanda. Tukimwonyesha mzia mmoja safi, mshipi wa mkono, ndoana yenye waya, samaki mdogo akirudi majini kwa mkia wake, atataka hiyo. Samaki mkunje angali mbichi, na mbichi wenyewe ndio hawa wanaotutazama.

Kwa hivyo kusi hii iliyobaki, ombi langu ni dogo. Usinunue wala usisifie samaki wa juya mtandaoni. Usitoke nje ya mwamba kwa sababu ya kamera. Nunua uzi. Tafuta mtu aliyekuzidi umri, umwombe akuonyeshe mahali maji yanapogeuka. Halafu kaa. Saa ya kwanza utakuwa unaangalia simu. Saa ya pili utaanza kuangalia maji. Ile ya tatu, uzi ukikaza ghafla na mkono ukashtuka, utajua kwa nini yule Mfini anasimama kwenye baridi mpaka vidole vinakufa ganzi.

Upepo wa kusi utaisha, matlai itaingia, na kaskazi itarudi na boti na bendera zake. Watu wataanza tena kupiga picha. Tofauti itakuwa kwamba wapo watakaokuwa wanajua wanachokishika, na kriki itakuwa bado na cha kuitolea bahari.